Mashine Haijafika Matema, Wewe Umefika: Vidokezo 12 vya Akili Mnemba kwa Waandishi na Wachapishaji

Una hadithi ya bibi yako kuhusu Milima ya Livingstone, imelala kwenye daftari tangu mwaka juzi. Au una kampuni changa ya uchapishaji pale Kyela mjini: mhariri ni wewe, mhasibu ni wewe, na anayebeba maboksi ya vitabu hadi stendi ni wewe huyo huyo. Muda huna. Mpunga unakusubiri, ada za watoto hazisubiri, na kila ukishika simu kuna mtu anakwambia akili mnemba inaandika kitabu kizima kabla chai haijapoa.

Inaandika kweli. Kitabu cha namna gani, hilo ni swali jingine! ChatGPT ilitoka Novemba 2022, zikafuata Gemini, Claude na nyingine, na zote zimelishwa maandishi mengi kuliko maktaba yoyote utakayoingia. Lakini yaliyoandikwa kuhusu mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ni machache, na kwa Kiswahili ni machache zaidi. Mashine haijawahi kusimama sokoni Lyulilo siku ya Jumamosi ikaona vyungu vya Wakisi vikishushwa kutoka kwenye mitumbwi. Wewe umesimama. Huo ndio mtaji wako. Vidokezo hivi vitakusaidia kuulinda, huku mashine ikibaki na kazi za kubeba.

1. Ongea kwanza, kuandika baadaye

Vidole huchoka, mdomo wa msimulizi hauchoki. Kibodi ya Google kwenye simu ina alama ya kipaza sauti, na tangu 2017 inaelewa Kiswahili. Fungua ukurasa mtupu, bonyeza, simulia kama unavyomsimulia mdogo wako. Utapata maneno yasiyo na nukta wala aya, mengine yamesikika vibaya. Usijali. Rekebisha yaliyopotoka, kisha yaweke kwenye programu ya akili mnemba na agizo hili: “Weka nukta, mikato na aya. Usibadilishe neno lolote.” Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo roho ya agizo. Ukiisahau utarudishiwa hotuba ya mgeni rasmi.

Mambo mawili ya kuzingatia. Ufukweni upepo huingia kwenye kipaza sauti, kwa hiyo kaa ndani. Na kama mzee anasimulia kwa Kinyakyusa, mwombe ruhusa, mrekodi sauti yake kama ilivyo, uitunze, halafu hadithi uisimulie upya wewe kwa Kiswahili.

2. Agiza kwa kirefu, upate kilichonyooka

“Niandikie hadithi ya watoto” ni agizo la mtu mwenye haraka, na jibu lake litakuwa la haraka pia: simba, sungura, mafunzo matatu mwishoni. Agizo zuri lina mambo manne: mashine ijifanye nani, msomaji ni nani, ifanye nini, na isiguse nini. Jaribu hili:

“Wewe ni mhariri wa vitabu vya watoto Tanzania. Msomaji ni mtoto wa darasa la tatu. Soma hadithi hii, niorodheshee maneno yatakayomshinda na sentensi zenye maneno zaidi ya 15. Usiandike upya chochote.”

Umeona tofauti? Kazi ya kuandika imebaki kwako, ya kusaka makosa umeisukumia mashine. Agizo likifanya kazi vizuri, lihifadhi kwenye simu. Baada ya muda utakuwa na maagizo yako machache unayoyaamini, na kila kitabu kipya kitaanzia hapo.

3. Bando lisikutoe jasho

Habari njema: kazi za maandishi matupu hazili data nyingi. Zinazokula ni picha, video na sauti. Andaa maswali yako yote kwenye daftari ukiwa nyumbani, kisha uwashe data na kuyatuma kwa mpigo. Majibu yanakili papo hapo kwenye faili, usome baadaye bila mtandao. Toleo la bure lina kikomo cha matumizi, basi anza na swali gumu kuliko yote. Ya salamu na udadisi yasubiri mwisho. Na umeme ukikatika? Kalamu na karatasi havijawahi kuhitaji chaji.

4. Igeuzie kibao: ikuulize wewe

Umekwama sura ya tatu? Usiiombe ikuandikie sura ya nne. Iambie: “Wewe ni msomaji wa Mtwara ambaye hajawahi kufika Ziwa Nyasa. Soma sura hii, kisha niulize maswali 10 ya mambo ambayo hukuyaelewa au ungependa kuyajua zaidi.”

Tuseme uliandika kwamba mama alinunua mbasa wawili, akapanda gari Ipinda, akafika Matema giza limeingia. Maswali yatakuja: mbasa ni nini? Kutoka Ipinda hadi Matema kuna umbali gani? Kwa nini alichelewa, barabara ilikuwa na maji? Ghafla unagundua ulikuwa unawaandikia majirani zako tu. Majibu ya maswali hayo unayo kichwani, mashine haina. Yaandike kwa mkono wako, na sura itajaa yenyewe.

Kwa riwaya, badilisha msomaji: leo awe kijana wa Dar es Salaam asiye na subira, kesho mwalimu mstaafu anayechukia matusi. Kila mmoja atakushikia pengo lake.

5. Ipe mtihani wa nyumbani

Kabla hujaiamini kwa mambo usiyoyajua, iulize unayoyajua. Iulize soko la vyungu la Lyulilo hufanyika siku gani. Iulize ni wamisionari gani walifika Unyakyusa mwaka 1891. Jibu sahihi lina makundi mawili: Wamoravian waliojenga Rungwe, na Walutheri wa Misheni ya Berlin ambao kazi yao ilienea hadi pwani ya Ikombe na Matema. Mashine hupenda kuwachanganya. Iulize pia kuhusu Langenburg ya Wajerumani: ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa ziwa, mpya ndiyo Tukuyu ya leo. Ukipata jibu la ajabu lililoandikwa kwa kujiamini kabisa, hongera, umeijua tabia ya mfanyakazi wako.

Angalia pia jina la ziwa. Malawi ilianza kuitwa Malawi ilipopata uhuru mwaka 1964, na maandishi mengi ya nje huliita ziwa letu kwa jina la nchi hiyo. Usipokuwa macho, kitabu chako cha jiografia kwa shule za Tanzania kitatoka na Ziwa Malawi jaladani. Jiandae kwa simu za walimu wakuu!

Makosa haya ya mashine hayawapati wadogo peke yao. Mei 2025, gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilichapisha orodha ya vitabu 15 vya kusoma likizo. Vitabu 10 kati ya hivyo havikuwapo duniani. Waandishi walikuwa wa kweli, akiwemo Isabel Allende, ila vitabu vilitungwa na mashine na hakuna aliyehakiki.

Kanuni ya meza yako iwe hii: jina, tarehe, takwimu na nukuu haviingii kitabuni mpaka vimepita kwa mtu anayejua au kwenye kitabu cha kuaminika. Na hapa mashine yenyewe inakufaa. Iambie: “Niorodheshee kila jina la mtu, mahali, mwaka na takwimu iliyomo kwenye mswada huu.” Umepata orodha ya kuhakiki bila kukesha. Kuhakiki kwenyewe, fanya wewe.

6. Pepeta Kiswahili chake

Mchele wa Kyela una sifa hadi Dar es Salaam, ndiyo maana mchele wa kwingine huvalishwa jina lake. Kiswahili cha mashine nacho kina jina sahihi kwenye gunia, ila ukikipika hakinukii. Utakijua kwa dalili: aya inaanza na “Katika ulimwengu wa leo”. Sentensi ya pili inasema “ni muhimu kukumbuka kwamba”. Kila kitu “kina jukumu muhimu”. Wahusika hawacheki, “wanaonyesha tabasamu”. Na ngeli huteleza, hasa sentensi ikiwa ndefu: kitenzi kinasahau mtendaji wake alikuwa nani.

Tengeneza orodha yako ya marufuku. Kila ukikutana na kishazi kinachokukera, kiandike. Ukituma kazi, bandika orodha hiyo chini ya agizo: “Usitumie maneno haya.” Itapunguza, haitamaliza.

Dawa kamili ni sikio. Simu nyingi zinaweza kusoma maandishi kwa sauti, basi iache ikusomee sura huku ukichambua mboga au ukisubiri gari. Panapokukwaza sikioni patamkwaza na msomaji. Bora zaidi, msomee binti yako aliye kidato cha pili. Akianza kuangalia simu yake, aya hiyo haijaiva. Ukibishana na mashine kuhusu neno, mwamuzi ni *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA. Mashine ikikwambia neno fulani “hutumika sana”, iulize wapi.

7. Kinyakyusa na Kikisi vibaki mikononi mwa wenyewe

Iambie mashine ikuandikie methali tano za Kinyakyusa uone maajabu. Itaandika, bila aibu, maneno ambayo hata babu wa Mwaya hawezi kukwambia ni ya lugha gani. Juni 2024 Google Translate iliongeza lugha 110 kwa mkupuo, na Kitumbuka cha ng’ambo ya ziwa kilikuwamo. Kinyakyusa hakikuwamo. Kikisi, chenye wasemaji wachache zaidi, usikitegemee huko.

Je, mashine haifai kabisa hapa? Inafaa, ila kwa kazi ya karani. Fanya hivi: andika jedwali la maneno yako ya kienyeji yaliyomo kitabuni, kila neno na tahajia unayoitaka na maana yake kwa Kiswahili. Majina ya samaki, vyungu, vyakula, salamu, majina ya watu. Litume pamoja na mswada, useme: “Nionyeshe kila mahali ambapo tahajia ya maneno haya haifanani na jedwali.” Kwa dakika chache unapata kazi iliyokuwa ikimla mhariri siku nzima. Jedwali hilo hilo likihaririwa linakuwa faharasa ya mwisho wa kitabu.

Kwa tahajia na maana, tafuta kamusi ya Knut Felberg ya Kinyakyusa, Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1996. Na kwa yasiyomo kwenye kamusi, kuna wazee wa kijijini. Nenda na sukari.

8. Tafsiri: anza wewe, mashine ifuate

Kiswahili kina watafsiri wa kujivunia. Mwalimu Nyerere, nchi ikiwa mabegani mwake, alitoa *Julius Caesar* ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, kisha *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akatupatia *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa 2021. Hakuna aliyebonyeza kitufe kimoja.

Wewe una vitufe vingi vya kubonyeza, basi vibonyeze kwa mpangilio. Kwanza, tafsiri mwenyewe aya yako ya Kiswahili kwenda Kiingereza. Pili, iombe mashine njia tatu tofauti za kutafsiri sentensi zilizokutoa jasho, hizo tu. Tatu, na hapa ndipo raha ilipo: fungua mazungumzo mapya, weka tafsiri yako ya Kiingereza bila ya asili, uombe irudishwe kwa Kiswahili. Linganisha. Mjukuu aliyempa bibi yake shikamoo akirudi akiwa ameuliza “mambo vipi”, umejua heshima imemwagika njiani, na umejua pa kuitafuta.

Ukianza na mashine na kumalizia na wewe, utajikuta unasugua sentensi zisizo zako. Kazi ni ile ile, furaha haipo.

9. Wachapishaji, kazi za mezani ndizo zake

Mchapishaji mdogo huuawa na mambo madogo. Hapa mashine inastahili mshahara ambao haiudai.

Majina kwanza. Iambie ikutengenezee orodha ya wahusika wote, kila mmoja na umri, sura aliyotajwa na sifa alizopewa. Ambakisye wa sura ya pili asije akawa Anyosisye sura ya tisa, wala mjane asifufukiwe na mume bila taarifa.

Kisha matangazo. Kitabu kimoja kinahitaji maneno tofauti: mistari miwili kwa ajili ya hali ya WhatsApp, aya moja ya nyuma ya jalada, barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu. Omba matoleo matano ya kila moja, chagua sentensi nzuri kutoka kila toleo, tupa mengine. Na iambie wazi: “Usifichue mwisho wa hadithi.” Ina mdomo!

Hesabu? Taratibu. Mashine hizi zinaweza kukosea kujumlisha huku zikitabasamu. Ziombe zikuandikie kanuni ya Excel ya gharama za nakala 500, 1,000 na 2,000, pamoja na mrabaha wa mwandishi, kisha namba ziingize mwenyewe. Hesabu ifanywe na Excel.

Namba ya ISBN, kamwe usiiombe kwa mashine. Itakupa moja nzuri sana yenye tarakimu zote, na haitakuwa yako. Namba hizo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

La mwisho hapa ni miswada inayoletwa. Februari 2023 jarida la hadithi la Clarkesworld la Marekani lilifunga mlango kwa muda kwa sababu ya mafuriko ya hadithi zilizoandikwa na mashine. Mafuriko hayo yanaweza kufika popote. Weka masharti yako mapema, uyabandike mahali mwandishi atayaona kabla hajatuma. Lakini kuamua hadithi ipi inachapishwa usiiachie mashine. Hiyo hupenda zinazofanana na ilizokwisha kuzisoma, na wewe umeanzisha kampuni kwa ajili ya zile ambazo haijazisoma.

10. Jalada: chora na mashine, chapisha la fundi

Omba picha ya ufukwe wa Matema uone utakachopata. Minazi, bahari ya buluu, jahazi, pengine na mnara wa taa. Milima ya Livingstone inayosimama wima juu ya maji? Haipo. Chungu cha Kikisi kimegeuka cha makumbusho ya Ugiriki. Na msichana aliyekibeba huenda ana vidole sita.

Tumia mchoro huo kwa jambo moja: kumwelewesha msanii. Mwambie “nataka mpangilio kama huu, rangi za jioni, jina juu.” Mnaokoa siku nzima ya kuelekezana kwa maneno. Kisha mlipe msanii achore, au mpigapicha apande mtumbwi hadi Ikombe akawapige mafundi wa vyungu wakiwa kazini, kwa ridhaa yao.

Kuna sababu ya kisheria pia. Mwaka 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kulinda picha za kitabu cha katuni *Zarya of the Dawn* kwa kuwa zilitengenezwa na mashine. Maneno na mpangilio wa mwandishi vililindwa. Jalada usiloweza kulidai ni jalada ambalo yeyote anaweza kulichukua.

11. Funga mlango kabla ya kulala

Unapobandika mswada kwenye programu, unaupeleka kwenye kompyuta za kampuni fulani. Basi ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya faragha, uzime ruhusa ya mazungumzo yako kutumika kuifundisha mashine. Ni hatua ndogo, wengi hawaifanyi.

Mswada wa mtu mwingine usiubandike bila idhini yake ya maandishi. Majina, namba za simu na maisha ya watu waliokusimulia yafute kwanza: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na bibi aliyekueleza siri za ndoa yake hakukubali kuieleza dunia.

Wachapishaji, ongezeni kifungu kimoja kwenye mkataba: je, kitabu hiki kinaweza kutumika kufundishia mashine, na kama ndiyo, mwandishi analipwa nini? Swali hilo lina pesa ndani yake. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic, inayotengeneza Claude, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilipakuliwa kutoka maktaba haramu za mtandaoni, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu. Waliohesabiwa ni wale tu ambao vitabu vyao vilikuwa vimesajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Umeshika somo? Hakimiliki yako inazaliwa unapoandika, lakini karatasi ndiyo inayozungumza siku ya ugomvi. Sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, utunze rasimu zako zenye tarehe.

12. Sema ulivyoitumia, ulale usingizi

Amazon, tangu Septemba 2023, humtaka anayechapisha vitabu kwenye huduma yake ya KDP aeleze kama maandishi, picha au tafsiri vimetengenezwa na mashine. Januari 2024, mwandishi wa Japani Rie Kudan alishinda Tuzo ya Akutagawa, akasema hadharani kwamba kama asilimia 5 ya riwaya yake ilitoka moja kwa moja kwenye ChatGPT. Watu walibishana, yeye hakuwa na la kuficha.

Fuata mkondo huo. Mstari mmoja kwenye ukurasa wa shukrani unatosha: “Akili mnemba ilitumika kukagua tahajia na kutengeneza faharasa. Hadithi ni ya mwandishi.” Na kama unawania Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, au shindano lolote lile, soma masharti ya mwaka huo kuhusu mashine kabla hujatuma. Ni aibu kushinda Aprili na kunyang’anywa Mei.

Sasa ni zamu yako

Watu wa Kyela si wageni kwenye rafu za vitabu. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo kuanzia 2005 hadi 2020, ndiye mwandishi wa riwaya ya *Pepo ya Mabwege*, na hakuwa na mashine ya kumkagulia majina ya wahusika. Wewe unayo, iko mfukoni.

Usijaribu vidokezo vyote 12 kwa siku moja, utachoka na utairudia televisheni. Chagua kimoja wiki hii. Mwandishi, anza na cha kwanza: rekodi hadithi moja. Mchapishaji, anza na cha tisa: toa orodha ya wahusika wa mswada ulio mezani. Wiki ijayo ongeza kingine. Kazi za karani mwachie karani. Yale unayoyajua kuhusu ziwa hili, samaki wake, mafundi wake wa vyungu na watu wake, yaandike mwenyewe, kwa sababu usipoyaandika wewe, mashine itayabuni.